Mashine ya Kukereza Nyumbani: Maji Yanaruka, Kazi Inatoka Nene Upande Mmoja

Mashine ya kukereza ikianza kutoa kazi (kipande unachokereza) nene upande mmoja, usikimbilie hedstoki (kichwa kinachozungusha kazi) na spana. Piga magoti kwanza, pitisha kiganja chini ya benchi, upande wa nyuma. Kikitoka kimelowa, kuna uwezekano mkubwa mashine yako ni nzima, na kinachoumwa ni kinga ya maji, yaani bati la kuzuia maji ya kupozea kisu yasiruke, uliyoifunga mwenyewe Jumamosi moja ukiwa na haraka. Mimi nilichelewa wiki tatu kuligundua hilo, na nitaeleza huko mbele.

Mashine ninayoizungumzia ni Myford ML7, ile iliyoanza kutengenezwa Beeston, karibu na Nottingham, Uingereza, mwaka 1946. Yangu niliinunua kwa mstaafu, imechakaa lakini inakata. Iko kwenye banda la uani hapa Tanga, ambako upepo wa bahari unaleta chumvi hadi kwenye droo ya vijiko. Wengine mna zile ndogo za Kichina za inchi 7 kwa 14. Mengi yanafanana, na panapotofautiana nitasema.

La usalama nalisema mara moja tu. Ukitaka kupima, kukaza au kusafisha, chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi. Mashine ikizunguka, usivae glavu, kanzu, shali wala kamba ya kitambulisho shingoni. Na ufunguo wa chaki (naisema chaki inayobana chuma, si ya ubaoni) usiuache umechomekwa hata kwa sekunde mbili. Kinga ya maji haizuii ufunguo unaoruka.

Maji yanaruka hadi ukutani na kifuani

Tazama ukuta ulio nyuma ya mashine. Utakuta mstari mwembamba wa madoa uliosimama sawasawa na chaki, si ukuta mzima. Chaki ya mm 100 ikizunguka mara 600 kwa dakika, ukingo wake unakwenda zaidi ya mita 3 kwa sekunde. Tone lolote linalofika kwenye meno yake linatupwa nje palepale, kwenye mstari wa chaki. Kisu chenyewe hakirushi maji mengi. Chaki ndiyo inayorusha.

Kwa hiyo kabla ya kukata bati, geuza mdomo wa bomba ulenge ncha ya kisu, na ufunge koki hadi maji yatiririke kama uzi. Nusu ya tatizo inaishia hapo. Kisha chukua boksi la friji au la televisheni, lisimamishe nyuma ya mashine, kereza kwa dakika tano. Madoa kwenye boksi yatakuonyesha urefu na upana wa kinga unayohitaji, na boksi hilohilo ndilo pateni (kielelezo cha kukatia bati) yako. Ukikosea kwenye boksi umepoteza boksi.

Nikiri pia kwamba kazi nyingi za nyumbani hazihitaji maji ya kumwagika. Kikopo cha oili ya kukatia na brashi vinatosha kwa bushi, pini na vipande vifupi. Mimi huwasha pampu ninapokata kipande kukitenganisha, ninapotoboa shimo refu, au ninapokereza raundi baa (chuma cha mviringo) ndefu kwa muda. Chuma cha kutupwa kikereze kikavu, maana vumbi lake likichanganyika na maji linakuwa tope la kusagia, na linachosaga ni reli za kitanda chako, ule mwili mrefu wa mashine. Shaba nyeupe nayo haitaki maji. Hata hivyo kinga inabaki na kazi, kwa sababu oili ya brashi nayo inarushwa na maranda ya moto yanaruka.

Kinga ipo, lakini maji yanapita

Hapa ndipo penye mchezo wenyewe.

Sababu ya kwanza na ya kawaida ni kwamba ukingo wa chini wa bati uko nje ya sinia (trei ya chini ya mashine inayopokea maji) badala ya kuwa ndani. Tumezoea paa, ambako bati la juu hulalia lile la chini kwa nje ili mvua isiingie. Kinga ya mashine ni kinyume, kwa kuwa mvua inanyesha kutoka ndani. Bati la juu lazima liishie ndani ya lile la chini, na la chini liishie ndani ya sinia. Ukifunga kinga nyuma ya mdomo wa sinia, maji yatateremka kwenye bati vizuri kabisa, yatapita nje ya sinia, na kutulia juu ya mbao za benchi ambako huyaoni.

Ya pili ni matundu ya bolti. Toboa juu ya usawa ambao maji hufika sinia linapojaa, kamwe usitoboe sakafu ya sinia kwa ajili ya kinga. Matundu ambayo huwezi kuyakwepa ni yale ya bolti zinazoshika miguu ya mashine. Hayo yazibe kwa silikoni chini ya washa. Ila chagua silikoni. Ile inayonuka kama siki hula chuma, na baada ya miezi michache utakuta mduara wa kutu chini yake. Tafuta isiyonuka siki. Na kabla ya kupaka, futa kwa thina mpaka kitambaa kitoke kisafi, maana silikoni haishiki juu ya oili hata ukiibembeleza.

Ya tatu ni kipimo. Kinga yangu ya kwanza niliipima mashine ikiwa imetulia, krosi slaidi (sehemu inayosogeza kisu kuelekea kazi na kukirudisha) ikiwa katikati. Nikakata bati la mm 1, nikalipaka rangi, nikalifunga, nikaliona zuri. Siku ya pili nilikuwa nakereza kipande kipana, nikazungusha mpini kurudisha kisu nyuma, mpini ukawa mzito. Nikadhani maranda yameingia kwenye skrubu, nikaongeza nguvu. Kumbe mkia wa slaidi ulikuwa umeligusa bati na mimi nalisukuma. Lile bati hadi leo lina kitovu.

Basi pima ukiwa umezungusha kila kitu hadi mwisho wake: krosi slaidi nyuma kabisa, kerieji (gari linalobeba kisu juu ya kitanda) hadi karibu na chaki, telstoki (inayoshika mwisho wa pili wa kazi) hadi ukingoni. Kisha ongeza upana wa vidole viwili. Kama unapanga siku moja kufunga kishikio cha kisu upande wa nyuma kwa ajili ya kukatisha, kipimie na hicho.

Kwa wenye ML7 kuna jambo jingine. Mota yake imekaa nyuma ya hedstoki, juu ya kibao chenye bawaba, kwa hiyo iko palepale ambako chaki inarushia. Bati lipite kati ya chaki na mota, lakini usiifungie mota kwenye boksi. Acha nafasi ya kiganja kizima kila upande ipumue, na hakikisha kibao kinaweza kuinuka unapobadilisha mkanda kwenye puli. Wenye mashine za Kichina, hofu yenu iko kwingine: saketi ya kuongoza mwendo iko kwenye boksi la mbele ya hedstoki, na kipande kidogo cha maranda kikiingia humo kinaweza kuiunguza. Mashine ikianza kukata moto ovyo au kubadili mwendo bila kuguswa, fungua boksi hilo, plagi ikiwa imechomolewa, ulisafishe kwa brashi kavu. Halafu ziba nyufa zake.

Kinga inalia

Bati jembamba lililonyooka ni ngoma. Kunja kingo zote nyuzi 90 kwa upana wa mm 12 hivi, kisha lilaze juu ya mbao na ulikunje kidogo sana kutoka kona hadi kona, alama ya X, kama wanavyofanya mafundi wa mabomba ya hewa. Mkunjo wenyewe hauonekani kwa mbali, ila bati linakakamaa. Chini ya kila bolti weka washa ya mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kama bado linalia kwenye mwendo mmoja tu na kunyamaza kwenye mingine, chunguza mkanda na puli, maana bati linakuwa limesema ukweli kuhusu mtetemo uliokuwepo.

Plastiki ya mbele imepata ukungu au imepasuka

Kwa kinga ya mbele, ile ya bawaba unayoona kupitia, tumia polikaboneti. Akriliki ni ya bei nafuu na inang'aa zaidi, lakini ikipigwa inavunjika vipande vyenye makali. Polikaboneti inabonyea kabla ya kuvunjika.

Ikipasuka nyufa ndogo kuzunguka bolti, ulikaza mno au ulitoboa tundu linalobana. Kwa bolti ya mm 5 toboa mm 6.5, weka washa pana, kaza mpaka ishike, basi. Ikipata ukungu mweupe wenye nyufa kama utando wa buibui, mtu ameifuta kwa petroli au thina. Haiponi hiyo, badilisha. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Mikwaruzo na vidoa vya maranda ya moto ni vya kawaida.

Maji yananuka yai viza

Unafungua banda Jumatatu, harufu inakupokea mlangoni. Ni vijidudu visivyopenda hewa, vinavyostawi chini ya utando wa oili uliotanda juu ya maji yaliyotulia. ML7 inavilisha vizuri kuliko mashine nyingi, kwa kuwa beringi za spindo (mhimili unaozungusha chaki) hupata oili ya matone kutoka vikombe viwili vilivyo juu ya hedstoki, na oili hiyo hairudi popote: inapita kwenye beringi, inadondoka kwenye sinia, inaelea juu ya maji. Ukisahau kufunga vikombe jioni, asubuhi viko vitupu na sinia limepata utando mpya.

Funga vikombe. Telezesha gazeti juu ya tangi, litabeba oili iliyoelea. Washa pampu dakika chache hata siku ambazo hukerezi, ili maji yapate hewa. Yakishanuka kweli hayafufuki kwa kuongezea mapya: toa yote, toa maranda na tope la chini, sugua tangi na bomba kwa maji ya moto na sabuni, suuza, ndipo uchanganye upya. Usijaribu dawa ya klorini ya kufulia, itakula reli kabla ya kuua harufu. Yaliyoharibika usiyamwage mtaroni.

Uchanganyaji wenyewe: sehemu 1 ya oili kwa 20 za maji ndiyo hesabu ya kawaida, lakini kopo likisema tofauti, fuata kopo. Mimina oili kwenye maji huku unakoroga. Ukifanya kinyume, yanakatika kama maziwa yaliyochacha. Na usitumie maji ya kisima cha pwani. Chumvi iliyomo inageuza kinga yote uliyonunua kwenye kopo kuwa bure, na kutu inaanza chini ya chaki ndani ya usiku mmoja. Mimi nakinga ya mvua kwenye ndoo. Kumbuka pia kwamba maji hukauka na oili hubaki, kwa hiyo unapoongezea, ongezea mchanganyiko mwepesi kuliko wa kwanza.

Kazi inatoka nene upande mmoja

Turudi kwenye wiki zangu tatu.

Nilikuwa nakereza pini za bawaba za geti. Upande wa chaki mm 20 barabara, upande wa telstoki zimezidi kwa mm 0.03 katika urefu wa mm 100. Nikakaza gibu (vibanzi vinavyoondoa ulegevu wa slaidi). Nikanoa kisu. Nikafungua beringi za spindo, kosa kubwa, kwa sababu kwenye ML7 nafasi ndani ya beringi hizo inapangwa kwa shimu (vibati vya kujazia) za matabaka membamba yanayobanduliwa moja moja, na ukishabandua hurudishi. Jirani yangu, mzee aliyestaafu karakana, akapita kuazima drili. Nikamwamkia, nikamsimulia. Hakuitazama hata mashine. Akainama, akaingiza mkono chini ya benchi nyuma, akauleta mbele ya uso wangu. Vidole vinang'aa, vyeupe kama vimechovywa kwenye maziwa.

"Mwanangu, mashine yako haina ugonjwa. Benchi ndilo limekunywa maji."

Bati langu lilikuwa limeishia nje ya sinia. Maji yaliteremka miezi kadhaa hadi kwenye mbao chini ya mguu wa nyuma upande wa telstoki, mbao zikavimba, mguu ukainuka, kitanda kikajisokota. Kisokoto chenyewe jicho halikioni.

Kipimo cha kutambua ni hiki. Chukua raundi baa ya mm 25 au zaidi, ibane kwenye chaki ikiwa imetokeza mm 120 hivi, bila telstoki. Punguza katikati ili zibaki pete mbili, moja karibu na chaki na nyingine mwishoni. Kwa kisu kikali na mkato mwembamba, pitia pete zote mbili bila kugusa mpini wa krosi slaidi. Pima kwa maikromita.

Pete zikilingana, kitanda na hedstoki viko sawa. Kama kazi hutoka nene unapotumia telstoki tu, basi telstoki imesogea pembeni. Irekebishe hiyo na uache vingine.

Pete ya mwisho ikiwa nene, inua kidogo mguu wa mbele upande wa telstoki, kwa shimu nyembamba ya kopo la soda. Ikiwa nyembamba, inua wa nyuma. Sababu yake ni kwamba kisu kiko mbele ya kazi na juu ya kitanda. Mguu wa mbele ukiinuka, kerieji inapofika huko inalala kuelekea ukutani na kisu kinaingia zaidi ndani ya kazi. Wa nyuma ukiinuka, inakuinamia wewe na kisu kinaiacha kazi, ndiyo ile iliyonipata. Legeza bolti, weka shimu, kaza, kata tena, pima tena. Itachukua mara nne au tano.

Lakini kama mbao zimelowa, usiweke shimu bado. Mbao zikikauka shimu yako itakuwa kosa jipya. Ziba mvujo, acha benchi likauke kwa wiki kadhaa, ndipo upime. Langu lilirudi karibu lote lenyewe.

Kazi ina mawimbi na mashine inapiga kelele

Anza na vilivyo rahisi. Kisu kimetokeza mno? Kirudishe ndani kisizidi unene wake mara moja na nusu. Ncha iko usawa wa senta (katikati ya kazi)? Bana rula ndogo ya chuma kati ya ncha na kazi ya mviringo: ikisimama wima, uko sawa, ikiinama kichwa kuja kwako, kisu kiko chini, ikilalia kule, kiko juu. Kazi imetokeza zaidi ya mara tatu au nne ya kipenyo chake? Ishike kwa telstoki. Kisha punguza mwendo na, ajabu kwa wengi, ongeza ulishaji (kasi ya kisu kusogea kwenye kazi) kidogo, maana kisu kinachosugua bila kukata hulia zaidi.

Yakibaki, shika kishikio cha kisu ukitikise. Kikicheza, kaza gibu za slaidi robo kwa robo hadi mpini uwe mzito sawasawa njia nzima. Mwisho kabisa ndiyo spindo: weka dayali geji (kipimo cha sindano) juu ya chaki, ingiza kipande cha mbao chini yake, inua kwa mkono. Sindano ikisogea zaidi ya mm 0.03 au 0.04 hapo unaweza kuanza kufikiria beringi. Kwa ML7 hakikisha kwanza vikombe vina oili, kwa sababu beringi kavu na beringi iliyolegea hulia karibu sawa.

Slaidi nzito, kutu, na oili gani

Slaidi ikiwa nzito sehemu moja na nyepesi nyingine, ni uchakavu: karibu na chaki hutumika sana kuliko mwisho. Usikaze gibu kwa kufuata sehemu nyepesi, itakwama kwingine. Ikiwa nzito ghafla kila mahali, ni maranda. Toa vifutio vya felti vilivyo kwenye kerieji, vioshe kwa mafuta ya taa, vilowanishe oili, rudisha. Usipulize kwa kompresa. Hewa huyasukuma maranda palepale ambapo felti ilikuwa inayazuia.

Spindo inataka oili nyepesi, ya hidroliki namba 32 inafaa. Reli zinataka nzito zaidi, namba 68. Skrubu ndefu ipake oili, si grisi, kwani grisi inakamata vumbi la chuma na kuligeuza kuwa msasa. Na ile oili chafu iliyotoka kwenye injini ya bodaboda, najua ni ya bure, ina masizi na chembe za chuma. Paka msumeno wa mbao ukitaka, mashine usiipe.

Kwa kutu ya pwani, jioni fagia maranda, futa maji yote, pangusa reli kwa kitambaa chenye oili, telezesha kerieji hadi mwisho wa kitanda na urudi nayo ili maji yaliyofichwa chini yake yatoke. Funika kwa shuka kuukuu la pamba, si nailoni. Chini ya nailoni unyevu wa alfajiri unabaki ndani, na asubuhi utakuta alama za vidole vyako vimechorwa kwa kutu, kila kimoja na mistari yake.

Mimi siku hizi nimebandika gazeti chini ya benchi, nyuma, kwa pini nne. Kila Ijumaa nalishika. Mwezi uliopita lilikuwa na doa ukubwa wa sarafu chini ya bolti ya kushoto. Nikafungua, silikoni ilikuwa imebanduka. Nikafuta kwa thina, nikapaka upya, nikabadilisha gazeti.